Alama Hamsini za Kumuaga Rais

Rais wetu alikuwa anaondoka, na akifeli hotuba ya kuaga haondoki. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Naeleza kwa wasioijua nchi yetu. Katiba yetu iliandikwa na mwalimu mkuu mstaafu, kwa kuwa wakati wa uhuru yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mashine ya kupiga chapa. Hakuwahi kuandika katiba, lakini alikuwa ameandika kanuni za shule mara nne. Akazichukua zile zile, akafuta "mwanafunzi", akaweka "kiongozi". Ndiyo maana mawaziri wetu hukaguliwa kucha kila Jumatatu, na mbunge akichelewa hupiga magoti nje ya Bunge mpaka mapumziko. Tumezoea. Kifungu cha sabini na moja kinasema kwamba kiongozi anayeondoka mwisho wa muhula atatoa hotuba ya kuaga mbele ya wananchi, hotuba itasahihishwa kwa alama mia, na anayepata chini ya hamsini atarudia muhula, miaka mitano mingine.

Marais wawili wa kwanza hawakutusumbua na kifungu hicho, kwa sababu mmoja alikufa na mwingine alitoroka. Wa tatu, Mtukufu Jemadari Lubasha, Mlezi wa Mito Yote na Msimamizi wa Mvua za Vuli, ndiye wa kwanza kuondoka mwisho wa muhula akiwa hai na akiwa ndani ya nchi. Chaguzi nne za nyuma alishinda, ya tano alishindwa kwa bahati mbaya tu. Waliopangwa kuhesabu kura waliharisha wote siku moja, zikahesabiwa na watu wanaojua kuhesabu. Mshindi akawa Bwana Ngusa, aliyekuwa Waziri wake wa Foleni.

Mtukufu Lubasha alikaa siku tatu bila kula. Siku ya nne akaomba aletewe Katiba, akaisoma kwa mara ya kwanza maishani, na alipofika kifungu cha sabini na moja akaomba pilau. Kisha akawaagiza waandishi wake wamtungie hotuba mbovu kuliko zote zilizowahi kusomwa chini ya jua.

Basi nchi ikageuka. Redio ya taifa ikaanza kumponda Rais kwa amri ya Rais. "Hana kipaji," mtangazaji alikuwa akilia hewani kila asubuhi. "Hajawahi kuwa na kipaji. Tumsamehe, tumpe muda wa kujifunza." Wapinzani nao, waliokuwa wakimwita punda, wakawa wanapita sokoni wakisema ulimi wake ni asali. Jirani yangu kinyozi alikuwa amevunjwa meno ya juu mwaka juzi kwa kusema Rais hajui kuongea. Wiki ile akavunjwa ya chini kwa kusema Rais anajua kuongea. Serikali yetu haipendelei upande mmoja.

Mimi ni muuza nyama, naitwa Shebuge, na sikuwa na haja na Ngusa wala na Lubasha. Haja yangu ilikuwa mtu mmoja. Mdogo wangu Lukindo, wa tumbo moja, alipiga miayo miaka tisa iliyopita kwenye Siku ya Mavuno, saa ya nne ya hotuba. Picha ilitoka gazetini: Rais ameinua kidole, na nyuma yake kidogo, kwenye umati, mdomo wa Lukindo uko wazi mpaka magego. Walimchukua jioni hiyo hiyo. Akawa mfungwa wa hisani, maana yake hakuna kesi wala kifungo, anakaa Machimbo ya Mawe kwa hisani ya Rais. Sheria inasema siku Rais anapotoka, wafungwa wake wa hisani nao wanatoka wote, kwa kuwa ni mali yake binafsi na hairuhusiwi kurithiwa. Mara ya mwisho nilipomwona, alikuwa anakohoa vumbi lenye damu. Miaka mitano mingine ya mawe asingeimaliza.

Kwa hiyo nilitaka Lubasha afaulu. Nilitaka kuliko mama yake mzazi.

*

Walikuja kunichukua buchani saa nne asubuhi, wateja wamejaa. Askari sita. Wakanipiga kwanza, kwa mguu wa ng'ombe wangu mwenyewe, wenye kwato, mpaka nikalala chini ya meza. Halafu sajenti akafungua bahasha, akasoma kwa heshima.

"Ndugu Shebuge, pokea pongezi za Wizara ya Kuagana. Jina lako limeokotwa kwenye kapu. Umeteuliwa kuwa msahihishaji wa hotuba ya Mtukufu."

"Sasa mmenipigia nini?" niliuliza.

"Ulikuwa hujateuliwa bado," alisema. "Nilikuwa sijasoma barua."

"Afande," mama mmoja aliita kutoka kwenye foleni, "na nusu kilo yangu ya mbavu?"

Sajenti alimkatia mwenyewe. Alimpa mifupa mitupu.

Wasahihishaji ni watatu, na sheria inataka wawe watu ambao hawakumaliza darasa la saba, ili wasielewe zaidi ya kile kilichosemwa. Mimi niliishia la nne, mwalimu wetu alipouza madawati. Wa pili alikuwa Bi Sikudhani, muuza mkaa, mwanamke mrefu mwenye mikono kama ya mpiga makasia, ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja lakini alijua kuhesabu gunia kwa kulitazama. Wa tatu Mzee Tungaraza, fundi viatu, ambaye sikio moja lilikuwa limekufa kwa kofi la polisi na la pili lilikuwa linafuata.

Tulifungiwa wizarani siku mbili tufundishwe kazi. Alama ni hivi: Sauti ishirini, Mpangilio ishirini, Ukweli kumi, Unyenyekevu ishirini, Machozi thelathini.

"Machozi tunayapimaje?" aliuliza Bi Sikudhani.

Afisa alitutolea kichupa cha hospitali. Nesi atasimama kando ya Mtukufu, alisema, na kila tone litakaloingia kwenye kichupa ni alama moja. Nesi ataandika, sisi tutajumlisha. Alama zikishatiwa wino hazifutwi.

"Huyu atalia?" Bi Sikudhani alicheka. "Aliua ndugu yake wa kunyonya naye ziwa moja, akaenda kukata utepe wa kisima. Alie?"

"Andikeni sifuri hapo mapema mpunguze kazi," afisa alisema.

Siku ya kwanza mchana akaja Brigedia Msolopa, mkuu wa kikosi cha magwanda ya kahawia, mtu wa Rais. Alikuwa mpole sana. Alinishika mkono kama anayetaka kunisalimia, akakivunja kidole changu kidogo, akasema, "Kumbuka, hotuba itakuwa mbaya." Siku ya pili mchana wakaja vijana wa fulana nyeupe, watu wa Bwana Ngusa. Wao hawakuwa wapole. Wakavunja kidole cha pili yake na kusema, "Kumbuka, hotuba itakuwa nzuri." Mzee Tungaraza walimpigia kelele tu kwenye sikio lililobaki, pande zote mbili, na hakusikia upande wowote. Bi Sikudhani hawakumgusa. Msolopa aliponyoosha mkono, yeye alinyoosha wake, wakaminyana mpaka Brigedia akatokwa jasho, akaondoka akisema atarudi.

"Muuza nyama," Bi Sikudhani aliniambia walipotoka, "wewe una nani kule mawe?"

"Mdogo wangu. Na wewe?"

"Sina mtu. Mimi nimechoka tu kumsikia."

*

Uwanja ulijaa tangu alfajiri. Watu laki moja, na kuwalinda wapo askari wa kahawia kaskazini na fulana nyeupe kusini. Amri za kahawia zilikuwa kupiga kila anayeshangilia. Amri za nyeupe zilikuwa kupiga kila asiyeshangilia. Mwananchi alikuwa huru kuchagua.

Meza yetu iliwekwa chini ya jukwaa. Jukwaani alikaa Bwana Ngusa kwenye kiti cha plastiki, na mbele yake alisimama Mtukufu Lubasha, medali mpaka magotini. Kando yake alisimama nesi na kichupa chake, na nyuma yake mshika mwavuli wake, mtu aliyemshikia mwavuli kwa miaka ishirini na mbili, hata mvua isiwepo, hata jua lisiwepo. Wanasema hakuwahi kumwona Rais uso, alijua kisogo tu.

Mtukufu alijaza mdomo muhogo wa kuchemsha, ili sauti iharibike, akaanza.

"Wananchi," alisema, na muhogo ukaruka. "Wananchi na viumbe wengine. Mimi nilipozaliwa, jiwe la kusagia la mama yangu lilipasuka kwa heshima. Nimewapa barabara. Barabara hamkuzitembea ipasavyo. Nimewapa hospitali, mkazijaza wagonjwa. Nimewapa amani, na bado usiku mnalala!"

Upande wa kusini wakalipuka kwa makofi. "Hapo hapo, baba!" mtu mmoja alipiga kelele. "Rudia hapo pa wagonjwa!" Askari wa kahawia wakakimbia kusini kuwapiga waliopiga makofi. Fulana nyeupe wakakimbia kaskazini kuwapiga walionyamaza. Walipishana katikati ya uwanja, wakasalimiana, kwa sababu wengi walisoma pamoja.

Alisoma ukurasa wa tano mara tatu. Alisoma vipimo vya suti zake. Akaisifu miguu yake, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akaomba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya viatu alivyowahi kuvaa. Kwa saa mbili nzima sikusikia sentensi moja yenye kichwa na miguu. Na kila alipoboronga watu walizidi kushangilia, damu ikiwatoka puani, wakapiga makofi kwa mikono iliyovunjika viganja. Mama mmoja mbele yetu alipigwa kitako cha bunduki kwenye bega, akaanguka, akainuka na kusema, "Uwiii, anaongea huyu baba!" Akapigwa tena. Akainuka tena. Mara ya tatu hakuinuka, lakini mumewe alimpigia makofi kwa niaba.

Nikaona Mtukufu anaanza kutoa jasho. Aliona anapendwa. Hakuwahi kupendwa, na wakati ule ndio haukufaa kabisa.

Akamwita Msolopa kwa kidole, akamnong'oneza. Brigedia akatoka, akarudi na lori. Kutoka kwenye lori wakashuka wafungwa arobaini wa hisani, vichwa vimevikwa magunia ya sukari, wakapangwa mstari mbele ya meza yetu kwa namba zilizoandikwa kifuani kwa chaki. Nilimjua Lukindo kwa miguu yake. Kidole gumba cha mguu wa kulia hakina ukucha, aliupoteza tukiwa watoto kwa shoka langu. Namba yake ilikuwa tisa.

Msolopa akachukua kipaza sauti.

"Amri ya Mtukufu Rais, ambaye bado ni Rais mpaka alama zisomwe. Kwa kila alama moja itakayozidi arobaini na tisa, mfungwa mmoja atapigwa risasi, kuanzia namba moja. Wasahihishaji wawe huru na dhamiri zao."

Waliokuwa wanapiga wakashusha virungu wasikilize.

"Amesemaje?" aliuliza Mzee Tungaraza.

Nilimwandikia kwa mkaa wa Bi Sikudhani kwenye meza: alama hamsini, mtu mmoja. Mzee hakujua kusoma. Ikabidi Bi Sikudhani amwoneshe kwa vidole, na shingo.

*

"Hamsini," Bi Sikudhani aliniambia kwa sauti ya chini. "Hamsini kamili. Anafaulu, anatoka, anakufa mmoja."

"Huyo mmoja ni mtoto wa nani?"

"Wa mtu. Una hesabu nyingine, niambie."

Arobaini na tisa ilikuwa miaka mitano tena, kwa nchi nzima. Nilimtazama namba moja. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa suruali iliyofungwa kwa kamba, na alikuwa anajikuna paja kama mtu anayesubiri zamu yake dukani.

Tukapanga. Sauti, tulimpa kumi na nne, kwa sababu muhogo ulipoisha alisikika. Mpangilio, kumi na sita, kwa kuwa kurasa alizisoma zote na nyingine zaidi ya mara moja. Ukweli, mbili. Alitaja jina lake na tarehe. Unyenyekevu tulimpa kumi na nane, kwa vile aliinama kuokota karatasi zilipomwanguka. Jumla hamsini. Nikaandika kwa wino, vidole vyangu vilivyovunjika vimefungwa kwa kijiti, na mbele ya Machozi nikaacha wazi kwa ajili ya nesi kuandika sifuri yake. Na moyoni, nasema kweli, nilikuwa na furaha. Lukindo alikuwa wa tisa. Nilikuwa tayari nawaza nitampa maini.

Na hapo ndipo nilipoona mwavuli unasogea.

Ulikuwa umeshasogea kitambo, ila nani angeangalia mwavuli? Hotuba ilipoanza ulikuwa juu ya kichwa cha Mtukufu. Kwenye viatu ulikuwa juu ya bega lake. Sasa yule mshika mwavuli alikuwa anautelezesha polepole, unyayo kwa unyayo, bila kugeuza shingo, na kivuli kilikuwa kimeshafika kwenye goti la Bwana Ngusa. Jua la saa saba likampiga Mtukufu kwenye upara.

Alinyamaza katikati ya neno. Akapapasa kichwa chake, kilikuwa cha moto. Akageuka.

Miaka ishirini na mbili, na ndiyo mara ya kwanza wale wawili kuonana uso kwa uso.

"We," Mtukufu alisema. Kipaza sauti kilikuwa wazi, tulisikia wote. "Mwavuli."

"Ndiyo, mzee," alisema yule mtu.

Alimwita mzee. Mbele ya watu laki moja. Si Mtukufu, si Jemadari, si Mlezi wa Mito.

"Nirudishie kivuli changu."

"Mzee, mimi nina watoto sita," alisema yule mtu, na akapiga hatua ya mwisho, na mwavuli wote ukawa wa Ngusa.

Mtukufu akamtazama Msolopa. Msolopa akawa anatazama viatu vyake. Mtukufu akawatazama mawaziri wake safu nzima, na kila alipofika kwa mmoja, huyo alikuwa anatafuta kitu mfukoni. Mdomo wake ukaanza kucheza, ule mdomo ambao ulishaamuru vijiji vichomwe, na macho yakajaa.

"Asilie!" nilipiga kelele. "Mzuieni asilie!"

Nesi akasogeza kichupa. Alikuwa binti safi, amepiga pasi gauni lake, amefundishwa kazi. Tone la kwanza likaingia. Akaandika.

"Dada, toa hicho kitu!" nilimwambia. "Toa, nakuomba!"

"Kaka, niko kazini," alisema.

Bi Sikudhani alishapanda jukwaani. Alikwea kwa mikono, askari wawili wakimng'ang'ania sketi, akamkaba Mtukufu kwa shati la medali na kumtikisa kama gunia. "Nyamaza! Nyamaza we mwanamume! Umeua wangapi hukulia, leo unalilia mwavuli?" Akimtikisa, matone yakazidi. Akampiga kofi. Yakazidi. Ndipo akamnyang'anya nesi kichupa, akakiinua tukione sote, akakinywa chote.

"Hesabuni sasa!" alisema.

Msolopa alimpiga risasi ya shingo. Alikaa kwanza, halafu akalala, kichupa bado mkononi, na miguu yake ikagonga mbao za jukwaa muda mrefu.

"Yalishaandikwa," nesi alisema. Damu ilikuwa imemrukia kwenye gauni. Alisoma kutoka kwenye karatasi yake bila kukosea. "Kumi na moja."

*

Sitini na moja. Toa arobaini na tisa, wanabaki kumi na wawili. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa vidole, vilivyovunjika na vizima.

Lakini karatasi ilikuwa haijatiwa sahihi. Bila sahihi ya mwandishi, hotuba haijasahihishwa, na hotuba isiyosahihishwa ni sifuri. Hilo nilifundishwa wizarani. Mwandishi nilikuwa mimi. Nikiacha kalamu mezani, Lubasha anarudia muhula, wafungwa wanarudi mawe, na Lukindo anaishi, labda mwaka, labda miwili, kwa jinsi alivyokuwa akikohoa. Nikitia sahihi anakufa sasa hivi, na nchi inaachana na yule mtu anayelia.

Niliinuka nikamwendea Bwana Ngusa pale chini ya mwavuli. Nilipiga magoti, siogopi kusema.

"Mheshimiwa, nikitia sahihi wewe ndiye Rais. Dakika hiyo hiyo. Sema neno moja, wasipigwe."

Alinitazama kwa huruma nyingi sana. Alikuwa na leso.

"Ndugu yangu," alisema, "naumia kuliko wewe. Lakini amri imetolewa na mamlaka halali iliyokuwepo. Nisingependa kuanza kazi siku ya kwanza kwa kuingilia jeshi."

Msolopa, aliyekuwa amesimama karibu, alimpigia saluti. Ilikuwa saluti nzuri, kisigino kilisikika mpaka juu.

Nikashuka nikaenda kwenye mstari, kwa namba tisa. Hakuna aliyenizuia.

"Lukindo."

"Kaka?" Gunia likageuka upande. "Ni wewe? Mbona unanuka nyama mpaka leo?"

"Lukindo, sikiliza. Wewe ni wa tisa. Watapiga kumi na wawili. Nisipotia sahihi hawapigi, lakini yeye anabaki."

Alikohoa kwanza. Nilisubiri amalize.

"Hotuba ilikuwaje?" aliuliza. "Mimi nilisinzia humu ndani."

"Hakuna kitu. Viatu."

"Saa mbili zote viatu?"

"Na miguu."

Akacheka ndani ya gunia. Halafu nikasikia pumzi ndefu, na gunia likaingia ndani kidogo kwenye mdomo, likatoka. Alikuwa anapiga miayo.

"Mwache afaulu, kaka," alisema. "Mimi kule mawe sirudi. Sirudi, unasikia? Ukiniona narudi ujue umenichukia. Nenda kamalize kazi."

Nilimshika kichwa kupitia gunia. Kilikuwa na joto la homa. Mpaka leo natafuta lile neno ambalo ningemwambia.

Nikarudi mezani. Mzee Tungaraza alikuwa analia kimya, ameshaelewa vidole vyangu. Nikatia sahihi.

Alama zilisomwa saa nane kasoro. Uwanja ukapiga makofi, na safari hii hakuna aliyepigwa, kwa sababu magwanda ya kahawia na fulana nyeupe sasa walikuwa kikosi kimoja. Msolopa alianza na namba moja, yule mzee wa kamba. Alitumia bastola, mmoja mmoja, na baada ya kila mmoja alimtazama nesi, na nesi aliweka alama ya vema kwenye karatasi. Lukindo alipofikiwa alikuwa amesimama wima. Alianguka mbele, upande wangu.

Lubasha aliondoka kwa miguu. Gari lilikuwa limeshachukuliwa. Wanasema yuko kwa dada yake, anafuga bata, na ameomba apewe nakala ya alama zake azitundike ukutani, kwa kuwa hakuwahi kufaulu mtihani.

Rais Ngusa alihutubia siku iliyofuata. Alimteua Msolopa kuwa Waziri wa Maridhiano. Kifungu cha sabini na moja alikisifu sana, akasema kimeonesha dunia ukomavu wetu, na ili kulinda ubora akapandisha alama za kufaulu kutoka hamsini mpaka tisini na tano.

Mimi niliambiwa niandike ripoti ya wasahihishaji, maana ndiye niliyebaki mwenye kuandika. Mwisho wa fomu pana sehemu ya Gharama. Nimeijaza hivi.

Waliokufa kwa kupiga makofi, saba. Waliokufa kwa kutopiga makofi, tisa. Mmoja alikufa akipigia makofi paja lake, kwa kuwa alikuwa na mkono mmoja, na pande zote mbili zinamkana. Bi Sikudhani, mmoja. Wafungwa wa hisani, kumi na wawili. Jumla watu thelathini.

Vidole viwili.

Katika wale kumi na wawili, wa tisa ni Lukindo, miaka thelathini na sita. Hakuoa. Hakuacha mtoto.